Raba laini za breki za baiskeli: uzoefu wangu wa miezi 6

Raba za breki zilizokuja na baiskeli yangu zilikuwa zimekakamaa hadi uso wake unang'aa. Nikibana breki, zinalia tu na baiskeli inazidi kwenda. Siku moja kwenye mteremko ilibidi niburuze viatu chini ndipo nisimame, na jioni hiyohiyo nikaagiza raba mpya, zile laini na ndefu. Leo zina miezi 6.

Mwanzo hazikunifurahisha hata kidogo. Nilizifunga vizuri, nikabana, zikateleza. Kumbe tatizo lilikuwa ringi. Nilikuwa nimenyunyizia cheni oili, matone yakarukia ringi na kuchanganyika na weusi wa raba za zamani. Oili hujipenyeza kati ya vitu viwili ikavizuia visigusane. Kwenye cheni na golori ndicho tunachotaka, kwenye ringi ni hatari. Nikafuta ringi kwa kitambaa chenye spiriti, nikageuza kitambaa na kufuta tena mpaka kikatoka safi, kisha nikapitisha msasa kidogo kwenye uso wa raba. Nilipobana tena, gurudumu lilikamatwa papo hapo. Kwa hiyo kabla hujazilaumu raba, safisha ringi.

Muuzaji alinisisitizia kwamba raba ndefu hushika zaidi kwa kuwa zina eneo kubwa. Hapo sikubaliani naye. Tangu mwaka 1699 Guillaume Amontons wa Ufaransa alionyesha kwamba msuguano hutegemea nguvu inayokandamiza vitu viwili, si ukubwa wa eneo vinapogusana. Ni kweli raba haiifuati kanuni hiyo barabara kama mbao au chuma, maana hunepa na kujaa kwenye vijishimo vya uso inaougusa. Lakini faida kubwa ya urefu niliyoiona mimi ni kwamba raba haziishi upesi.

Kwenye mteremko mrefu joto ni kali. Nilisimama chini siku moja nikagusa ringi kwa mgongo wa kidole, nikautoa haraka. Mwendo wote niliouzuia ulikuwa umegeuka joto pale, na ringi ikipata moto sana hata tyubu inaweza kupasuka. Siku hizi nabana na kuachia, nabana na kuachia.

Tena usibane mpaka gurudumu lifunge. Tairi likiwa linazunguka bila kuteleza, sehemu inayogusa barabara inakuwa imetulia kwa kitambo kile, ndiyo maana inashika. Likifunga linaburuzika, na msuguano wa kitu kinachoburuzika kwa kawaida ni mdogo kuliko wa kilichotulia. Raba hizi zina nguvu ya kutosha kufunga gurudumu la nyuma kwa vidole viwili, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Kwenye mvua zinapungua nguvu. Gurudumu huzunguka mara moja au mbili kabla raba hazijafuta maji na kuanza kushika. Naanza kubana mapema zaidi, wala sipandi mbio.

Kitu kingine ni mchanga. Kwa kuwa raba ni laini, punje huzama ndani yake na kukwangua ringi. Nilipozifungua mara ya kwanza nilikuta vipande vya alumini vinametameta kama magamba ya dagaa. Nilivichokoa kwa sindano kimoja kimoja, na ule mkwaruzo niliokuwa nausikia ukaisha.

Nitazinunua tena kwa gurudumu la mbele, ambalo ndilo hubeba uzito mwingi unapofunga breki. Nyuma nitaweka ngumu kidogo zidumu. Za mbele zimeshalika kupita nusu, mifereji yake imebaki na kina cha ukucha, na nitazibadilisha kabla haijafutika kabisa.