Ukumbi wa waandishi: chai tele, soketi 4

Mimi ni mtu wa redio, chumba cha habari nakipima kwa sikio. Hoteli hii ya Arusha (jina naliacha) ilipokea mkutano wa mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, nchi 8, na sisi waandishi tukapewa ukumbi mdogo jirani na jiko. Meza safi, chai ya tangawizi haikatiki. Lakini soketi 4 kwa watu kama 30! Mwenye ekstensheni alikuwa mfalme. Sauti ya mkutanoni hatukuletewa kwa waya. Nilisogeza maikrofoni kwenye spika ya runinga, na sufuria zikaenda hewani pamoja na waziri. Taarifa ya pamoja ilipotoka saa 10 jioni, intaneti ikakata. Nilituma kwa bando langu. Nyota 2, zote za chai.