Etsy kwa Muuza Vyondo: Makato Yake Nimeyapigia Hesabu

Nauza vyondo vya mkonge na viatu vya ngozi hapa soko la Kariokor, Nairobi, na dada yangu aliye Minneapolis, Marekani, ndiye mwenye duka letu kule Etsy, soko la mtandaoni la vitu vya mikono. Mimi natuma mzigo kwa katoni. Yeye anapokea, anapiga picha na kupeleka vifurushi posta. Majirani zangu sokoni hawaachi kuniuliza, "Mama, hao wanakukata ngapi?" Nikiwaambia asilimia sita na nusu, wananiona nimebahatika. Basi leo niwape jibu kamili, upande wa muuzaji, senti kwa senti.

Chukua kiondo cha dola 40, na mteja ameongeza dola 10 za kusafirishiwa. Kukiweka tu dukani ni senti 20, na hiyo inakushikia nafasi kwa miezi minne. Muda ukiisha kabla hakijanunuliwa, unalipa senti 20 nyingine. Kikinunuliwa, Etsy inachukua ile asilimia 6.5 yake. Sasa sikiliza vizuri: haikatwi kwenye 40, inakatwa kwenye 50, pamoja na pesa za posta ambazo wewe unazipokea mkono huu na kuzitoa mkono ule. Hapo zimeondoka dola 3.25. Halafu kuna ada ya kupokea malipo. Kwa duka lililo Marekani ni asilimia 3 na senti 25 juu yake, nayo pia inahesabiwa kwenye 50, yaani dola 1.75. Jumla ni dola 5.20. Ile sita na nusu imeshakuwa kumi na tatu kwa mia ya bei ya kiondo. Jimbo likiongeza kodi ya mauzo kwenye bili ya mteja, asilimia 3 inaigusa hiyo kodi nayo. Ni visenti, lakini vipo.

Kuna wanaodhani watakwepa kwa kuandika "usafirishaji bure" na kupandisha bei ya kiondo iwe 50. Hutakwepa kitu. Hesabu ni ile ile, kwa sababu wao wanaangalia jumla aliyolipa mteja. Fanya hivyo kama wateja wako wanapenda neno "bure", basi.

Ni ghali? Kwangu, hapana. Dola 5.20 ni kama shilingi 670. Meza ya Maasai Market Ijumaa pale Village Market nailipia niuze nisiuze, jua liwake mvua inyeshe. Huku Etsy, duka likilala mwezi mzima, nimepoteza zile senti 20 tu. Tena kila kato linaandikwa kwenye taarifa ya akaunti, mstari wake na jina lake. Dada ananitumia taarifa hiyo kila mwezi na mimi naisoma kama ya benki.

Kinachonikosesha usingizi ni matangazo ya nje. Etsy inatangaza bidhaa zako Google, Facebook na kwingineko, na kila duka jipya linaingizwa humo bila kuombwa. Hulipi mpaka mtu abonyeze tangazo na kununua. Akinunua, duka ambalo halijafikisha mauzo ya dola 10,000 kwa mwaka linakatwa asilimia 15, na posta imo. Kwa kiondo chetu hiyo ni dola 7.50 juu ya zile 5.20, kwa hiyo jumla inakuwa dola 12.70 kwa kitu cha 40. Ni kama yule dalali wa Maasai Market anayekuletea mtalii mezani kisha anakuja kudai chake. Tofauti ni kwamba dalali wa sokoni anadai ya siku ile, akalale. Huyu wa Etsy ana siku 30 tangu mteja abonyeze, na hata mteja akirudi akanunua kitu kingine dukani kwako, sehemu yake anayo.

Duka dogo linaruhusiwa kujitoa, kwenye mipangilio. Letu limejitoa. Ukivuka dola 10,000 unashuka hadi asilimia 12, ila hapo hakuna tena kujitoa. Ajabu ya mji: ukikua unapewa punguzo na kufungwa kamba kwa pamoja.

Na msiamini kwamba namba hizi zitakaa. Ile asilimia ya Etsy kwenye mauzo ilikuwa 3.5, ikawa 5 mwezi wa Julai 2018, ikafika 6.5 tarehe 11 Aprili 2022. Siku hiyo wauzaji wengi walifunga maduka yao kwa wiki nzima wakigoma, na ada haikurudi nyuma. Ukipanga bei, acha pumzi kidogo. Ushuru wa forodha nao si wa Etsy, lakini uweke kwenye hesabu: tangu 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya chini ya dola 800.

Hapa nyumbani kiondo hicho nakitangaza pia Jiji, mtandao wa matangazo ya kuuza vitu, ambao hawakati kamisheni kwenye mauzo. Wao wanataka ulipie tangazo likae juu. Mteja akilipa kwa till ya Lipa na M-Pesa, nakatwa asilimia 0.55 tu. Rahisi mno, ila mteja wa Nairobi atashusha bei mpaka nimkumbuke mteja wa Etsy ambaye habishani.

Etsy naipa nyota nne kwa vyondo na viatu. Kwa vishikio vya funguo, mbili. Kishikio cha dola 6 na posta ya dola 5 kinakatwa karibu dola moja na nusu, robo ya bei yake, kwa sababu zile senti 20 na 25 hazijali udogo wa kitu. Nimemwambia dada aviuze vitatu vitatu kwenye mfuko mmoja. Kimoja kimoja viuzwe hapa Kariokor.