OCT ya glakoma: mashine nzuri, ila yule mpimaji hapana

Jamani hili limenikaa rohoni muda sasa. Mama yangu ana glakoma, jicho moja limeshakufa, na ugonjwa wenyewe mara nyingi hauumi, unakula neva ya jicho kimyakimya, na uoni ukishapotea haurudi, kwa hiyo sisi watoto wake lazima tupimwe. Nikaenda kupiga OCT, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya jicho kwa mwanga. Kazi ya sekunde chache tu, unaweka kidevu, unakodolea kialama, basi. Macho yalikuwa makavu nikamwambia dada mpimaji naona ukungu, naomba nipepese kwanza, akanijibu "kaka usinifundishe kazi, tulia hapo."

Karatasi ikatoka na kipande chekundu, na yeye hata usoni hajanitazama, "hiyo glakoma, mpelekee daktari, anayefuata!" Watu wamejaa pale wanasikia. Usingizi ulikata kabisa, nikawa najiona nashikwa mkono kama mama.

Kumbe juu ya karatasi hiyohiyo imeandikwa ubora wa picha 4 kati ya 10, na kwa mashine ile chini ya 6 wanatakiwa warudie! Kwingine nikatiwa matone ya kulainisha macho, picha ikapanda 8, wekundu ukapungua, ukabaki kidogo. Daktari akanieleza taratibu kwamba mashine inapima unene wa nyuzi za neva halafu inalinganisha na watu wa umri wako wenye macho mazima, nyekundu maana yake nyuzi zako ni nyembamba kuliko za karibu wote, haijasema unaumwa, na mimi navaa miwani ya maiopia kali, yaani mbali sioni vizuri, macho kama haya huwa yanawaka nyekundu bila glakoma. Lazima waangalie na presha ya jicho, ambayo nayo inaweza kuwa kawaida na glakoma ipo, na wapime upana wa kuona.

Nilitaka niwaambie msiende kabisa. Hapana, nendeni, hasa wenye mzazi mgonjwa, maana hii inaweza kuonyesha neva inapungua kabla wewe mwenyewe hujaona pengo lolote. Mimi bado sijaambiwa niko salama, nasubiri picha nyingine walinganishe na hii nzuri. Ila yule dada! Mimi nilipewa nyekundu iliyozidi kwa picha mbovu nikahangaika, kuna mwingine kapewa kijani kwenye picha mbovu vilevile, kaambiwa uko poa, karudi kwake na hana habari ya kurudi kupima.