Nimeona Ross na Rachel, nikaoda kuku

Jamani haya matangazo ya apu za chakula yanatumaliza, hasa sisi tuliokua miaka ya 90. Juzi usiku nimekaa zangu hapa Marekani, njaa hata sina, nikaingia YouTube nikakutana tena na lile tangazo la Uber Eats (apu ya kuletewa chakula) la Super Bowl ya 2024, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, la Jennifer Aniston na David Schwimmer, yaani Rachel na Ross wa kile kipindi cha vichekesho cha Friends. Mdada kaletewa mfuko wake, kuna maneno pale kwamba ukitaka kukumbuka kitu kipya sharti usahau kingine kichwani papate nafasi, basi anatokea Schwimmer na mikono wazi anataka kumkumbatia, na yeye anamtazama kama abiria anayedaiwa nauli mara ya pili. Jamaa anamwambia tumefanya kazi pamoja miaka kumi! Na ni kweli bana, Friends ilianza 1994 ikaisha 2004. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kuna na Victoria Beckham kasahau jina la kundi lake la muziki, Spice Girls (spice ni kiungo cha chakula), wanabahatisha na mumewe, mara pilipili, mara mdalasini. Mimi mtu wa Mombasa, utani wa viungo umenikuta nyumbani. Kuna kipande kimoja tu cha ovyo, cha jamaa anakula siagi ya karanga kasahau kuwa ndani mna karanga, wenye aleji wakalalamika wakakitoa kabla ya mechi. Walifanya vizuri, aleji ya karanga inaua mtu.

Ila kwangu kali zaidi ni lile la Uber Eats hao hao la 2021, la filamu ya vichekesho Wayne's World, Mike Myers na Dana Carvey na mawigi yao ya filamu ya 1992. Wakati ule korona imezifunga hoteli, wao wanahimiza watu wale kwa mahoteli ya mtaani. Wanakwambia sisi hatuwezi kukuchezea akili kama matangazo mengine, huku ndio wanakuchezea hivyo, mpaka mwanamuziki Cardi B kaletwa. Sasa mimi hao jamaa sikukua nao, sisi tulikuwa na kipindi cha vichekesho Vitimbi pale KBC, tivi ya taifa ya Kenya, Mzee Ojwang na Mama Kayai, lakini nimelipenda kwa sababu mwizi mwenyewe anakuonyesha mkono ukiwa mfukoni mwako.

Haya, turudi kwa kuku. Hiyo hamu niliyopata wala haikuwa ya chakula, nadhani nilikuwa nataka ile sebule ya nyumbani na tivi ya mgongo mkubwa, binamu wote sakafuni, na hakuna apu inayoleta hiyo. Lakini simu ndiyo iko mkononi, nikafungua apu moja (jina nalimeza) nikaoda mabawa ya kuku, chipsi na soda. Chakula dola 14. Weka ada ya kuleta, weka ada ya huduma ambayo hadi leo sijui ni huduma gani, weka kodi, weka bakshishi ya rida (yule anayeleta chakula), risiti ikasoma 25 na senti kadhaa! Na hilo ndilo hutaliona kwenye tangazo lolote lenye sura za zamani, unapewa Ross na Rachel, hesabu unaikuta mlangoni.

Dakika 55 baadaye mfuko ukafika. Rida hana makosa, kijana mstaarabu na mvua ilikuwa inanyesha, lakini chipsi zimelegea kama tambi, mabawa baridi, soda haipo kabisa.

Matangazo nayapa nyota nne. Ile apu yangu mbili, na moja kati ya hizo ni ya rida.

Binti yangu wa miaka 12 akaja akanikuta nimelirudia lile la Schwimmer, akaangalia mpaka mwisho akaniuliza, "Mama, huyo mzee ndiye mwenye hoteli?" Halafu akayamaliza mabawa yote, baridi hivyo hivyo. Pesa ya soda bado naidai.