Uzoefu wangu: geji za kujazia naitrojeni kwenye struti, ya kwanza niliyojutia na ya pili ninayoitumia

Seti ninayoitumia sasa nimekaa nayo mwaka mmoja na nusu. Kabla yake nilikuwa na nyingine niliyojuta kuinunua, na nitaanza na hiyo, maana ndiyo iliyonifundisha cha kuangalia.

Kwa asiye fundi wa ndege: struti ni shokapu ya ndege. Ndani yake kuna mafuta mekundu ya haidroliki, juu ya mafuta kuna naitrojeni iliyoshindiliwa. Ndege ikigusa ardhi, mafuta yanapenya kwenye tundu dogo, gesi inabanwa, kishindo kinaishia humo. Kujaza si kukisia. Unapima urefu wa chuma kinachong'aa cha pistoni kilichojitokeza, unasoma presha, halafu unalinganisha na jedwali lililobandikwa kwenye mguu au lililomo kwenye kitabu cha matengenezo. Geji ikidanganya, unaweza kuongeza gesi mahali palipohitaji mafuta. Struti ya hivyo husimama vizuri kabisa, hata mkaguzi akipita ataridhika. Siku ya kutua kwa nguvu ndipo inagota hadi mwisho.

Sasa hiyo seti ya kwanza. Geji moja, 0 hadi 3000 psi (psi ni kipimo cha presha), uso mpana, bodi nzito inayojaa mkononi. Nilijiambia 3000 inatosha kwa kila ndege inayoingia hanga. Wiki ya kwanza ikaja Cessna 172, ndege ndogo, struti ya pua imelala. Tukainua pua, tukafunga hozi, tukafungua gesi taratibu. Kitabu kinataka 45 psi mguu ukiwa hauna uzito. Kwenye ile geji, kila mstari ulikuwa psi 50! Mwenzangu akaniambia, "Kaka, hapo ni hamsini." Mimi nikiangalia naona mshale bado umelalia pini ya sifuri. Tulibishana kama watu wanaotafuta mwezi wa Ramadhani.

Jioni niligeuza karatasi iliyokuja na geji nikakuta imeandikwa daraja B. Geji ya daraja hilo inaruhusiwa kukosea asilimia 2 katikati ya uso na asilimia 3 kwenye robo ya mwanzo na ya mwisho, na asilimia hizo ni za kipimo chote, si za namba unayoisoma. Asilimia 3 ya 3000 ni psi 90. Nilikuwa natafuta 45 kwa chombo chenye ruhusa ya kukosea 90, na bado kinahesabika kizima. Halafu ile pini: mshale ukishuka chini ya sifuri kwa uchakavu, pini inauzuia hapohapo na wewe unaona sifuri safi. Siku hizi geji yenye pini ya sifuri siiamini mpaka nione cheti cha kalibresheni cha karibuni.

Seti ya kwanza ilikuja pia na kiungio cha kompresa, cha kujazia hewa ya kawaida. Ndege ndogo kadhaa vitabu vyake vinaruhusu hewa, sawa. Kwenye presha kubwa mimi sigusi. Hewa ina unyevu unaokula chuma kwa ndani, na oksijeni yake ikishindiliwa pamoja na mafuta ni kutafuta moto. Kwa matairi habari yake inajulikana: mwaka 1986 Boeing 727 ya Mexicana, safari namba 940, ilianguka na kuua watu wote 167. Breki ilipata moto kupita kiasi na tairi lililojazwa hewa badala ya naitrojeni likapasuka angani.

Seti ya pili ina geji mbili kwenye bomba moja, ndogo ya 0 hadi 600 na kubwa ya 0 hadi 3000, kila moja na valvu yake. Hilo peke yake limenimalizia ugomvi. Kazi ya psi 300 inaangukia katikati ya geji ndogo, mahali inaposema kweli zaidi, na mistari yake ni ya psi 10. Ndiyo iliyonionyesha jambo nililokuwa nalisikia tu kwa wazee: struti hushikwa na sili zake, ile mipira inayozuia mafuta na gesi visivuje. Nilisoma presha, nikaitikisa ndege juu chini mara kadhaa, nikasoma tena, namba ikawa nyingine, na pistoni imehama karibu upana wa kidole. Geji ya zamani isingenionyesha tofauti hiyo. Sasa sisomi chochote kabla ya kutikisa.

Geji zenyewe zimejazwa gliserini, mshale hautetemeki unapofungua mtungi. Kati ya uso na mrija wa ndani kuna ukuta wa chuma, na mgongo umetengenezwa kung'oka mrija ukipasuka, ili vipande vitokee nyuma visije machoni. Ukinunua geji ya presha kubwa isiyo na hilo, isome kwa mbali sana.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kusahau kufunga valvu ya geji ndogo. Na nilisahau kweli. Mguu mkuu wa ndege kubwa kidogo, mvua inanyesha, nikafungua gesi huku nikitazama geji kubwa tu. Nikasikia "tak", kizuizi cha kulinda geji ndogo, kinachojifunga chenyewe presha ikizidi, kimefanya kazi. Niliitoa geji ndogo siku ileile nikaipeleka kupimwa, ikarudi iko sawa. Hata hivyo nimefunga kitambaa chekundu kwenye ile valvu.

Kero zipo. Hozi ina mita tatu, ndefu mno kwa struti ndogo: ukienda kupima tu bila kujaza, hozi yenyewe inakunywa gesi na unaondoka umepunguza ulichokuja kupima. Niliagiza ya mita moja. Kipimo cha bar kimeandikwa kwa rangi nyekundu kali kuliko psi, na gizani jicho linakimbilia huko. Oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ya kichwa cha kuungia kwenye struti ilianza kuvuja mwezi wa nne. Kwenye sanduku waliweka moja tu ya akiba.

Vichwa vyenyewe viko viwili, cha valvu yenye koro (kile kipini cha ndani kinachoziba gesi, kama cha tairi) na cha ile isiyo na koro, ambayo unalegeza nati ya juu tu. Mwanafunzi akishika spana, simama naye. Akikosea akalegeza nati ya chini, iliyoshika valvu kwenye struti, valvu nzima inatoka kama risasi. Na koro ya presha kubwa ina herufi H kwenye ncha. Ya tairi haina, na hazibadilishani.

Ile geji ya kwanza sijaiuza. Nimeibandika karatasi "mtungi tu", na kazi yake ni kuangalia kama naitrojeni iliyobaki itafika jioni.