Nusu Siku Karthago Nikiutafuta Mwaka 146 KK: Uzoefu Wangu

Nilikuwa Tunis kwa mkutano wa siku nne, na siku ya tano niliitenga kwa ajili ya magofu ya mji wa kale wa Karthago. Kampuni niliyoikodi, ambayo sitaitaja, ilikuwa imetangaza ziara ya nusu siku kuhusu mwaka mmoja tu, yaani 146 KK, mwaka ambao majeshi ya Roma yaliiteketeza Karthago na kisha Korintho ya Ugiriki. Nililipa dinari 90, nje ya tiketi ya kuingilia, ambayo ukiikata mara moja hutumika katika maeneo kadhaa ya magofu.

Nianze na lawama, kwa kuwa ziara yenyewe ilianza vibaya. Gari lilitushusha kwenye mabafu ya Kaisari Antoninus, tukakaa hapo saa nzima na nusu. Ni jengo la fahari lililoko ufukweni kabisa, nami sina ugomvi nalo, ila lilijengwa katika karne ya 2 BK, takriban miaka 300 baada ya mwaka tuliolipia. Hapo hapo kiongozi wetu akatusimulia kwamba Warumi waliilima ardhi ya Karthago na kuimwagia chumvi isiote kitu tena, ilhali hakuna mwandishi wa kale anayetaja chumvi hiyo. Ni hadithi iliyokuja kuenea katika vitabu vya nyakati zetu. Nilipomuuliza, alicheka akasema wageni huipenda.

Tulipopanda kilima cha Byrsa alibadilika kabisa, na kwa hilo namsifu bila kinyongo. Jumba la makumbusho la kilimani lilikuwa limefungwa kwa ukarabati, lakini kwenye mteremko ipo mitaa ya nyumba za Wakarthago wenyewe, iliyonusurika kwa sababu Warumi waliporudi kujenga, enzi za Kaisari Augusto, walikisawazisha kilele cha kilima na kuyafukia magofu haya kwa kifusi. Alituchuchumaza mbele ya sakafu ya chokaa iliyochanganywa na vipande vidogo vya mawe meupe, kisha akatuonyesha birika jembamba lililochimbwa chini ya nyumba, ambamo kila familia ilihifadhi maji yake ya mvua. Baada ya hapo alisimulia, kwa kumfuata mwanahistoria Appianus, jinsi askari wa jemadari wa Kirumi Scipio Aemilianus walivyopigana siku sita kutoka sokoni hadi ngomeni, juu ya kilima hiki, kupitia njia tatu zilizobanwa na nyumba za ghorofa sita. Waliiteka nyumba moja, wakalaza mbao juu ya paa na kuvukia ya pili, huku Scipio akiwabadilisha kwa zamu wasichoke. Watu 50,000 walijisalimisha. Waliobaki ni askari 900 hivi waliokuwa wameliasi jeshi la Roma, ambao hawakuwa na msamaha wa kutarajia, pamoja na jemadari wa Karthago, Hasdrubal, na mkewe, wote wakiwa wamejifungia hekaluni. Hasdrubal alitoroka akaenda kupiga magoti mbele ya Scipio. Mkewe, akiwa juu ya hekalu linalowaka, alimlaani, akawaua wanawe na kujitupa motoni. Kundi letu, ambalo asubuhi nzima lilikuwa likipiga picha, lilinyamaza.

Bandarini, mahali ambapo ningependa kukaa kuliko pote, tulipewa dakika kumi. Leo yamebaki mabwawa mawili tulivu katikati ya makazi ya watu, moja la mviringo lenye kisiwa katikati, ambalo zamani lilikuwa na nafasi za manowari 220. Mwaka 147 KK Scipio aliliziba lango la bandari kwa boma la mawe, nao Wakarthago, wanawake na watoto wakiwemo, wakachimba kwa siri mlango mwingine wa kutokea baharini. Bila kulielewa boma hilo huwezi kuielewa njaa iliyoulegeza mji kabla ya shambulio la mwisho. Haraka yetu, nikaja kugundua, ilitokana na ahadi ya kututembeza katika duka la mazulia.

Korintho ilipata sentensi moja, tukiwa garini. Hatukuambiwa habari za Lucius Mummius, jemadari wa Kirumi aliyeiteka Korintho, aliyeshindilia michoro na sanamu za mji huo melini na kuwaonya wachukuzi kwamba watakachopoteza watakilipa kwa kingine kipya. Wala za mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyesimama kando ya Scipio akimwona akiilia Karthago inayoungua, na ambaye huko Korintho aliwakuta askari wakicheza dadu juu ya michoro iliyotupwa chini. Kilichoniuma zaidi, kwa msafiri aliyetoka Dar es Salaam, ni kwamba kiongozi hakugusia kabisa kuwa mwaka huohuo Roma iliifanya nchi ya Karthago kuwa jimbo, makao yake yakiwa mji wa Utica, ikaliita Africa, jina ambalo baadaye lilitandazwa juu ya bara lote hadi kutufikia sisi.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za Byrsa. Ukitaka kwenda, mwombe kiongozi aanzie bandarini, apandie kilimani, na mabafu yawe ya mwisho iwapo muda utabaki. Duka la mazulia likatae mapema, kabla hujalipa.