Matembezi ya "bure" ya kuongozwa kwa mgeni wa jiji: nimeyafanya mara tano, maoni yangu haya hapa

Nyota nne kati ya tano. Jibu nalitanguliza kwa ajili ya wale ambao muda huu wameshafika jijini, wamekaa kitandani hotelini, begi hata halijafunguliwa, wanaperuzi simu wakijiuliza waanzie wapi. Anzia hapa. Tafuta yale matembezi ya kuongozwa ambayo unajiandikisha mtandaoni bila kulipa kitu, mnakutana kwenye uwanja unaojulikana katikati ya jiji saa nne au saa tano asubuhi, unamkuta mtu kashika mwavuli wa rangi kali, mnatembea naye kwa miguu masaa mawili mpaka matatu, mwisho kila mtu anampa anachoona kinamstahili. Nimeyafanya kwenye majiji manne, makubwa yote, na jiji moja nililirudia kwa sababu nitaieleza huko chini, kwa hiyo haya siyo maoni ya mtu aliyeenda mara moja akapata bahati.

Wengi wanadhani unaenda kwa ajili ya historia. Historia ipo na ni tamu, lakini kiukweli baada ya wiki mbili umeshasahau mfalme gani alijenga nini. Kinachobaki ni kwamba kwa masaa yale matatu ulikuwa na mwenyeji ambaye kazi yake ni kukujibu, na siku ya kwanza mtu una maswali kibao ambayo unaona aibu kumsimamisha mpita njia umuulize. Laini ya simu naipata wapi bila kupigwa, maji ya bomba yananyweka au la, kwa nini wote kwenye ngazi za umeme wamesimama upande mmoja, na yule dada anayenijia na karatasi nisaini "kwa ajili ya watoto" ni mtu wa kweli au wenzake wako nyuma yangu wanapekua begi. Hilo la karatasi mwongozaji mmoja alitusimamisha kabisa tukatazama kwa mbali jinsi linavyofanyika, na jioni yake nikafuatwa na mtu mwenye karatasi hiyo hiyo. Nilipita tu.

Mfano mwingine, huu ndio ulionifanya niheshimu hii kazi. Nilikuwa nimenunua tiketi ya treni asubuhi, nimepanda, nimeshuka, najiona mjanja tayari. Tukiwa kwenye matembezi mwongozaji akasema jamani tiketi kuinunua haitoshi, lazima uichomeke kwenye kile kimashine igongwe tarehe na saa, la sivyo mbele ya mkaguzi ni sawa na huna. Nilitoa tiketi yangu mfukoni nikaitazama, nyeupe peee, haina muhuri wowote. Majiji kadhaa yako hivyo, Berlin ikiwemo, pale treni za chini ya ardhi hazina mageti, unaingia tu unapanda, na wakaguzi wengine wamevaa nguo za kawaida kama abiria mwenzio. Mgeni anaona hakuna geti anadhani mambo ni huria, anakuja kushtuka ameshaandikiwa faini. Hakuna kibao kilichoniambia hivyo kwa namna ninayoielewa, niliambiwa na mtu.

Halafu kuna suala la umbali. Mtu akifika jiji kubwa kitu cha kwanza anajifunza ramani ya treni, na ile ramani inadanganya, siyo kwa ubaya, ndivyo ilivyotengenezwa. Ile ya London ilichorwa na Harry Beck mwaka 1931 na kuanza kugawiwa kwa abiria mwaka 1933, na alichofanya ni kuachana na umbali halisi kabisa akanyoosha mistari kama mchoro wa nyaya za umeme, ili abiria ajue tu kituo gani kinafuata na abadilishe wapi. Wazo zuri mno, majiji mengi duniani yakaliiga. Lakini ndiyo maana mpaka leo kuna wageni wanashuka ngazi, wanasubiri treni, wanapanda kutoka Leicester Square kwenda Covent Garden, vituo ambavyo vimeachana mita kama 260 tu! Ukitembea na kundi siku ya kwanza, miguu yako yenyewe inakwambia kwamba uwanja na mto na soko la zamani vyote viko pua na mdomo, na kuanzia hapo unaacha kutumia treni kwa vitu vya dakika tano. Mimi hii peke yake naihesabu kama nusu ya thamani ya huduma.

Sasa tuje kwenye neno "bure" maana hapa ndipo watu wanakosea na wengine wanakosea bila kujua. Siyo bure. Mtindo huu ulishika kasi Berlin mwanzoni mwa miaka ya 2000 halafu ukasambaa karibu kila jiji lenye watalii, na unavyofanya kazi ni kwamba mwongozaji mara nyingi hana mshahara, anaishi kwa bakshishi, na kwenye kampuni nyingi yeye ndiye anailipa kampuni kiasi fulani kwa kila kichwa kilichotokea siku hiyo, kama malipo ya tangazo na kuletewa wateja. Yaani wewe ukitembea naye masaa mawili na nusu kisha ukajitoa kimyakimya kwenye kona kabla ya kumaliza, hujamnyima faida tu, umemtoa hela mfukoni mwake. Nilikuwa silijui hili mara ya kwanza, nilitoa sarafu nilizokuwa nazo, na nilipokuja kuambiwa nilijisikia vibaya sana kwa sababu yule kaka alikuwa mzuri na alitutafutia mpaka choo. Siku hizi natumia kipimo kimoja: naangalia mlo wa mchana wa kawaida wa mtu mmoja kwenye jiji hilo unauzwaje, nampa hicho, akiwa mzuri sana naongeza. Kama hela hiyo huna, mwambie mapema, wengi wanaelewa, na ukimwandikia maoni mazuri mtandaoni nako unamsaidia kweli.

Nyota moja nimeipunguza, na sababu hizi hapa. Kwanza ukubwa wa kundi. Kuna mara tulikuwa watu arobaini hivi, nimehesabu mwenyewe, sauti haifiki nyuma, kila taa ya barabarani inatukata vipande viwili, waliobaki ng'ambo wanakosa maelezo na tukiungana yeye ameshamaliza anasonga. Kampuni hiyo siitaji ila kwenye tangazo lao walikuwa wameandika makundi madogo. Tangu siku hiyo kabla sijajiandikisha nasoma maoni ya watu natafuta idadi tu, kama wanasema watu kumi na tano au ishirini naenda, zaidi ya hapo natafuta kwingine. Pili ni kile kituo cha katikati cha "kupumzika", mnapelekwa kwenye mgahawa fulani na unaona wazi kabisa kuna makubaliano, dakika ishirini na tano zinaenda hapo na usiponunua kitu unabaki umesimama nje. Siwalaumu sana waongozaji kwa jinsi wanavyolipwa, lakini waseme tu ukweli kwamba ni mapatano yao, mtu achague mwenyewe. Na tatu ni hadithi. Wengine wanapenda sana kuchekesha, na ukisikia kisa kimekaa vizuri mno, mwisho wake unapigiwa makofi, usiende kukisimulia kama historia kabla hujakihakiki. Nimeshasikia kisa kilekile cha msanifu majengo aliyejirusha kutoka juu ya jengo lake kwenye majiji mawili tofauti.

Kwa hilo la tatu dawa ipo. Nchi nyingine zina leseni rasmi za waongozaji, Italia na Austria kwa mfano huwezi kuongoza watalii kihalali bila leseni, na Uingereza wale waliosoma na kufaulu wanavaa beji ya bluu ambayo ndiyo imewapa jina lao, Blue Badge. Ukimwona mwenye beji shingoni au kifuani jua amefanya mitihani ya kweli. Mara nyingi hao ni wa kulipia moja kwa moja, na ikiwa unachotaka hasa ni historia basi lipia, utapata zaidi.

Wengine watauliza kwa nini nisipande yale mabasi ya ghorofa yasiyo na paa. Nimeyapanda. Kama miguu inauma, au uko na mzee, au mtoto mdogo, ni sawa kabisa panda, ila jiji unaliona kama kwenye televisheni, sauti iliyorekodiwa masikioni, hakuna wa kumuuliza kitu, na foleni ikikaza mnaganda sehemu moja nusu saa mnatazama ukuta. Na mara nyingi kuna usafiri wa kawaida wa wananchi unaopita njia hizohizo kwa nauli ya kawaida. Berlin panda basi namba 100 pale kituo cha Zoologischer Garten mpaka uwanja wa Alexanderplatz, kaa ghorofa ya juu mbele kabisa, utapita karibu na jengo la Bunge na Lango la Brandenburg. London namba 15 inakupitisha Mnara wa London na kanisa la St Paul's. New York ndiyo usiseme, feri ya Staten Island ni bure kweli tangu 1997, bure ya kutolipa chochote kwa mtu yeyote, dakika kama 25 kwenda, unaiona Sanamu ya Uhuru na majengo yote ya Manhattan yanarudi nyuma taratibu. Hizo zifanye jioni ya siku hiyohiyo, miguu ikiwa imechoka na kichwa kimeshajua kipi ni kipi.

Kuna kitu kingine ambacho nasikitika watu wengi hawakijui, nacho ni wenyeji wa kujitolea. Kilianza New York mwaka 1992, mama mmoja anaitwa Lynn Brooks alichoka kusikia watu wanaogopa jiji lake, akaanzisha utaratibu wa wakazi wa kawaida kumpokea mgeni na kumtembeza mtaani kwao bila malipo. Ukaenea, sasa majiji mengi duniani yana kundi la namna hiyo, na sharti lao ni bakshishi hapana, na mnakuwa wachache, mwisho watu sita. Nimefanya mara moja, mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu, hatukuona mnara hata mmoja. Tulienda maktaba ya mtaa wake, tukakaa kwenye bustani, akanionyesha shule aliyofundisha na jinsi anavyosoma ratiba ya basi. Hilo nalipatia nyota tano bila kufikiri. Tatizo ni kwamba lazima uombe wiki kadhaa kabla, kwa hiyo aliyeko kitandani hotelini sasa hivi ameshachelewa, arudi kwenye mwavuli.

Sasa ile sababu ya kurudia. Jiji moja nilifika alfajiri baada ya safari ya usiku kucha, chumba hakijawa tayari, nikaona nisipoteze siku, nikaenda moja kwa moja kwenye matembezi ya saa nne na begi mgongoni. Kosa. Kufikia kituo cha tatu nilikuwa nimeegemea ukuta wa kanisa nasinzia nimesimama, sikumbuki hata neno moja, simu imezima chaji. Kesho yake nimelala vizuri nikarudi kwa mwongozaji yuleyule, alinicheka kidogo akanikaribisha, na ilikuwa kama jiji jingine kabisa. Kwa hiyo ukifika lala kwanza, zunguka mtaa wa hoteli tu ujue duka la maji liko wapi, matembezi yawe asubuhi inayofuata. Vaa raba zilizozoea mguu siyo mpya, nenda umejisaidia, simama karibu na mwongozaji usikae nyuma, na mkiwa mnavuka kutoka kituo kimoja kwenda kingine mfuate ubavuni maana hapo ndipo anaongea kama mtu wa kawaida na hapo ndipo umuulize maswali yako. Swali langu la kudumu ni moja, namuuliza yeye mwenyewe siku akiwa off anaenda wapi, na huko ndiko naenda siku ya pili.

Na ikinyesha, mengi yao hayaahirishwi, wanatembea hivyohivyo, na ule mwavuli wa rangi ni wa mwongozaji tu, beba koti lako.